Aliyeanua Karafuu za Bi Mwanamize

Inspekta Mwatum Othman alipiga magoti kwenye shimo la tisa, akainama mpaka pua ikakaribia majani, akanusa. Watu waliosimama nyuma ya kamba walidhani anasujudu. Anayetaka kudhani na adhani! Mwatum, binti wa Gando na mpelelezi wa Chake Chake, hakuwahi kuona haya kupiga magoti kama jambo analolitafuta liko chini.

Na leo jambo lilikuwa chini kweli. Grini, ule uwanda wa majani mafupi yanayozunguka shimo, jana asubuhi ilikuwa kijani kibichi, mtu akiitazama anatamani kuilalia. Leo ilikuwa kahawia tupu, imeungua kutoka ukingo mpaka ukingo.

"Dawa ya magugu," alisema Koplo Rajab, msaidizi wake, mtu mzima mwenye kitambi na haraka ya kumaliza kesi. Mkononi alishika kwa kitambaa dumu tupu alilolitoa kichakani. "Imetoka stoo ya hapa hapa. Ndiyo hii wanayoichanganya na rangi ya buluu ili mpigaji dawa aone alipopita. Dumu limefutwa, halina hata alama ya kidole. Lakini ya nini kuhangaika, afande? Mlinzi kamwona Jabir hapa alfajiri."

"Kuonekana si kutenda, Koplo."

"Sawa, lakini kutenda bila kuonekana nako si rahisi."

Jabir Seif alikuwa nahodha wa timu ya gofu ya Zanzibar, mtoto wa Wawi, nyumba yao iko nyuma ya uwanja huu huu. Na leo, baada ya sala ya adhuhuri, uwanja wa Wawi ulikuwa upokee Kombe la Visiwa: wenyeji, Komoro, Shelisheli, Morisi na Bukini, kile kisiwa kikubwa cha kusini, timu ya nchi dhidi ya timu ya nchi, mchezo wa fahari. Kombe hilo lilikuwepo tangu wachezaji wa leo hawajazaliwa. Mwaka jana likazuka jingine, Ngao ya Bahari Kuu, lenye makao yake Uarabuni. Nalo likazitaka nchi zile zile, manahodha wale wale, tena wiki ile ile. Wakubwa wa Ngao hawakuficha: anayecheza kwao hachezi kwingine. Wake wenza wawili, mume mmoja. Nchi zilikwisha kuanza kuyumba, na kila mtu alijua kwamba Kombe likivunjika Pemba mwaka huu, mwakani halitakuwepo.

Basi mwamuzi mkuu, Bi Zalihata, mwanamke wa Kikomoro aliyesoma Unguja na kukijua Kiswahili kuliko wenyewe, alikwisha kutoa kauli asubuhi ile. Mchezaji akiharibu uwanja, timu yake inatolewa. Mwenyeji akitolewa, Kombe limekwisha. "Nakupa mpaka adhana ya adhuhuri, Inspekta," alisema. "Ikilia hujanionyesha mwingine, natangaza."

Mtu alikuja mbio kutoka upande wa klabu, shati jeupe, jasho kwenye paji. Huyu ni Ridha, katibu wa maandalizi, mwana wa Chake Chake. Uwanja mzima haukuwa na kiti wala tangi la maji lisiloandikwa "Hisani ya Ridha." Hata vyooni yalikuwepo maandishi hayo, na watu walicheka walivyotaka.

"Inspekta, tusizungushe maneno," alisema. "Inaniuma. Jabir ni mdogo wangu, fimbo yake ya kwanza nimempa mie. Lakini sheria ni msumeno. Mie usiku kucha nilikuwa maulidini Wete, watu mia wameniona, nikirudi nakuta balaa hili!"

"Sijakuuliza ulikuwa wapi, Bwana Ridha."

"Nimekwambia tu, usipate tabu ya kuuliza."

Mwatum alimshukuru kwa huruma yake, akamtazama akiondoka, kisha akarudi chini. Safari hii hakunusa. Alitambaa. Alianza ukingoni mwa grini, akafuata mchirizi mwembamba wa majani yaliyokauka ulioteremka kilima, ukapinda kwenye jiwe, ukaishia kwenye shimo la mchanga huko chini.

"Koplo, njoo. Unaona nini?"

"Majani yamekufa."

"Yamekufa kwa mstari. Sasa niambie, dawa ina miguu?"

Rajab alikuna kidevu. "Imechukuliwa na maji."

"Maji gani? Mvua imenyesha lini?"

"Jana, baada ya adhuhuri. Ile ya ghafla. Usiku palikuwa pakavu, nyota tupu." Rajab aliachama mdomo. "Ebo! Basi dawa imemwagwa kabla ya mvua."

"Kabla kidogo tu. Ingemwagwa asubuhi, majani yangekwisha kuinywa na mvua isingekuta cha kubeba. Tangu alfajiri tunauliza watu walilala wapi, na mtu wetu kafanya kazi yake mchana kweupe." Mwatum alisimama akajikung'uta magoti. "Funga mdomo wako huo, Koplo. Asijue mtu. Yeye anadhani tunatafuta usiku, na tumwache adhani hivyo."

Jabir walimkuta chumba cha fimbo, amekaa juu ya sanduku, jezi ya timu iko mapajani. Hakuivaa. Kijana mrefu, mabega mapana, na macho yamekwisha kuwa mekundu.

"Alfajiri ulifuata nini shimo la tisa?" aliuliza Mwatum.

"Nimetoka msikitini, dada Mwatum, nikapitia kuitazama. Nikaikuta imekufa. Si mie niliyepiga kelele mpaka mlinzi akaja? Mwenye kuua anaita watu?"

"Wapo wanaoita. Na Bi Nahla, yule mjumbe wa Ngao? Mmeonekana Chake Chake mnazungumza."

"Alinitaka niende kwao. Nikamwambia sendi."

"Nani amesikia ukikataa?"

"Yeye na mie na Mungu."

"Jana mchana, kabla ya mvua, ulikuwa wapi?"

Jabir aliinua uso, akashangaa. "Mchana? Nimelala nyumbani."

"Na nani?"

"Peke yangu. Mama kenda mazikoni Gando. Wawi yote ya upande wetu ilikwenda, alikuwa mtu wa watu yule marehemu. Hata kuku walikuwa kimya." Alizikunja ncha za jezi, akazikunjua. "Dada, nisicheze tena gofu maisha yangu, si kitu. Lakini niitwe mie niliyeiuza Pemba? Mama atapita wapi hapa Wawi? Bora waniambie nimeua mtu."

Mwatum alimwachia jezi yake mapajani. Alitoka.

Bi Nahla, mwanamke wa Mombasa, alikuwa kwenye veranda ya klabu, miwani ya jua, kikombe cha chai, na utulivu wa mtu asiyekuwa na mgonjwa wala maiti.

"Nimekungoja," alisema. "Kama nisingekuwa mimi, na mimi ningejishuku."

"Ulimtaka Jabir?"

"Nilimtaka, akanikatalia kwa adabu mpaka nikaona haya. Mwandike hivyo."

"Jana mchana?"

"Nilikuja kuutazama uwanja. Ni haki yangu kuujua uwanja wa mshindani. Nikafika karibu na lile shimo la saba, mawingu yakaja meusi, nikakimbilia gari kwa njia ya nyuma, ile inayopita nyumba ya makuti."

"Kule shimo la tisa ulimwona mtu?"

"Vichaka vimeziba, sikuona. Ila palikuwa na karafuu zimeanikwa uani kwa watu, majamvi manne matano, na hakuna mtu. Nikasema maskini wenyewe, zinakwenda na maji hizo. Nikapita zangu."

"Ukapita zako!" Rajab hakuweza kujizuia. "Karafuu ziko nje, mawingu yale, na wewe ukapita?"

"Kwani zangu?"

Rajab alimtazama kama mtu aliyekiri kuvunja msikiti. Mwatum alimvuta mkono kabla hajatoa hotuba. Kisiwa hiki mtu anayeona wingu na karafuu za jirani ziko juani haulizi za nani. Anaacha jembe, anaacha wali mezani, anakwenda kuanua. Wapo walionuniana tangu uchaguzi, hawapeani hata salamu, lakini tone la kwanza likidondoka utawaona wote wawili wameshika ncha za jamvi moja. Likishamalizika jamvi, wananuniana tena.

"Twende kwenye hiyo nyumba ya makuti," alisema Mwatum.

Ilikuwa ya Bi Mwanamize, mjane, hatua chache kutoka kwenye waya wa uwanja. Kutoka uani kwake grini ya shimo la tisa ilionekana wazi, maana kichaka kilikuwa upande wa pili. Karafuu zilikuwa zimeanikwa tena, nyekundu zinakaribia kuiva kwa jua, na mwenyewe anazigeuza kwa mguu.

"Assalaam alaykum, bibi. Shikamoo."

"Waalaykumu ssalaam, marahaba mwanangu. Karibuni. Mmekuja kwa mambo ya mpira wenu mdogo?"

"Tumekuja kwa karafuu, bibi. Jana zimerowa?"

Bi Mwanamize aliacha kugeuza. "Hapo ndipo paliponishangaza! Mie na wanangu wote tuko Gando mazikoni. Tumeiona mvua kule kule, nikalia mara mbili, nikamlilia maiti na nikazililia karafuu. Nnarudi magharibi, moyo umekufa, nakuta majamvi yamekunjwa, karafuu zimo ndani ya magunia, zimesogezwa barazani, kavu kabisa! Sijui nani. Nimeuliza kuno kote, kila mtu alikuwa mazikoni. Nnataka nimjue nimuombee dua, huyo mtu ana mama aliyemlea."

"Magunia hayo yapo?"

"Yapo, lakini nna ugomvi nayo. Huyo mtu sijui alikuwa akipaka mashua rangi. Tazama!"

Alilitoa gunia jeupe la nailoni. Mdomoni, pale mtu anaposhika kulifunga, palikuwa na alama za vidole. Kidole gumba upande huu, vinne upande ule, vimejichora vizuri, mistari yote inaonekana. Vilikuwa vya buluu.

Mwatum alilipokea gunia kwa ncha za kucha, akalitia ndani ya mfuko safi, akaufunga. Alicheka kwa sauti pale pale uani.

"Subhanallah," alisema Rajab. "Katoka kumwaga sumu, kaona wingu, kaja kuanua!"

"Alilelewa vizuri, ndiyo iliyomponza. Mikono ilikwenda kabla ya akili."

"Lakini afande," Rajab alishusha sauti, "Bi Nahla hawezi. Mtu wa kufanya hivi ni mtu wa hapa. Na mtu wa hapa aliyekuwa peke yake hapa jana ni Jabir. Hii kamba inazidi kumkaza yeye."

Ilikuwa kweli, na Mwatum aliijua kweli hiyo. Alama za vidole zingesema, lakini za kulinganisha zilikuwa hazijachukuliwa kwa mtu, na jua lilikwisha kupanda juu ya minazi. Kupima mikono ya watu wote wa klabu mmoja mmoja, adhana ingewakuta njiani. Ilibidi mtu mwenyewe aletwe na miguu yake.

"Bibi," alisema, "dua hiyo ungependa kuiomba mbele ya watu?"

"Hata mbele ya Rais."

Ukumbi wa klabu ulijaa. Manahodha wa nchi tano walikaa mstari wa mbele, Jabir mwisho wao, bado jezi imo mkononi. Bi Zalihata alisimama kwenye meza, na Ridha karibu yake, uso wa mfiwa.

"Wakati umekwisha karibu, Inspekta," alisema Bi Zalihata.

"Najua. Naomba kwanza mzee huyu aseme neno lake. Ni jirani wa uwanja, na halihusu gofu."

"Sasa hivi?" alidakia Ridha. "Tuko kwenye msiba!"

"Ndiyo maana tunahitaji dua, Bwana Ridha."

Bi Mwanamize alipita mbele na buibui lake, akasafisha koo. Akaeleza habari ya mazishi, ya mvua, ya magunia barazani. Hakutaja rangi wala vidole, kwa kuwa Mwatum alimkataza. Manahodha wa kigeni walitafsiriwa, wakatikisa vichwa kwa adabu. Wapemba waliokuwemo walisikiliza kwa makini zaidi, wengine machozi yakiwalenga. "Nnamtaka mtu huyo," alimalizia. "Yumo humu au hayumo? Mungu amjaze kheri, amlipe duniani na akhera, na Wawi yote ijue jina lake!"

Mwatum alimtazama Jabir.

"Si mie, bibi," alisema kijana yule kwa huzuni. "Nilikuwa nimelala. Ningeziona ningezianua."

Kichwa cha Rajab kiligeuka polepole. Mwatum hakugeuka. Alikuwa anamtazama mtu mwingine, mtu aliyeandika jina lake hata vyooni, na ambaye sasa alikuwa anajigusa tai, anajigusa tena. Wema bila jina ulikuwa unamwasha mwilini. Alikuwa salama, watu mia walimwona usiku, na hapa kuna dua ya bure mbele ya nchi tano.

"Bi Mwanamize," Ridha alisema akitabasamu, mkono kifuani, "usitafute mbali. Ni jambo dogo. Nilikuwa napita."

"Ni weye, mwanangu!" Makofi yalipigwa. Bi Mwanamize aliinua mikono. "Mungu akuweke!"

"Amin," alisema Mwatum. "Ulianua peke yako, Bwana Ridha? Majamvi yote yale?"

"Peke yangu. Ukiona wingu huhesabu."

"Hakuna aliyekusaidia hata kufunga gunia?"

"Hakuna kabisa."

"Na ulikuwa unapita kutoka wapi?"

"Kutoka shimo la tisa, nilikwenda kulikagua."

"Majani yalikuwaje?"

"Mazima, mabichi! Nimesikitika kweli leo kuona..." Hapo alisita, kwa sababu Mwatum alikuwa ameuweka mezani mfuko safi, na ndani yake gunia jeupe.

"Dawa ile ilimwagwa kabla ya mvua," alisema Mwatum, na sasa sauti yake ilijaza ukumbi. "Maji yameichukua mpaka kwenye mchanga chini ya kilima, mwenye macho akatazame. Usiku hakuna kilichofanyika. Dawa ina rangi ya buluu. Majani yameoshwa na mvua, dumu limefutwa. Lakini karafuu zilianuliwa kabla ya tone la kwanza, na aliyezianua alikuwa na buluu mikononi. Vidole vyake hivi hapa, vitano, kimoja hakikukosekana. Na wewe umetuambia mbele ya nchi tano kwamba hukusaidiwa na mtu."

Ridha aliirudisha mikono nyuma mgongoni. Katika ukumbi ule hakuna aliyehitaji ushahidi mwingine.

"Koplo, wino."

"Ngoja!" Ridha alimgeukia Bi Nahla. "Mwambie! Mwambie mlichoniahidi!"

Bi Nahla alivua miwani. "Uliniuliza kama Kombe likifa kutakuwa na nafasi ya ukurugenzi huku kwetu. Nikakujibu likifa, ipo. Sikukwambia uliue." Alimgeukia mwamuzi. "Sisi tunataka kulishinda Kombe, Bi Zalihata. Kulichinja kichakani ni jambo jingine, na nitalisema hilo kwa wakubwa wangu."

Kikulacho ki nguoni mwako. Jabir alimtazama mtu aliyempa fimbo ya kwanza. Rajab alimshika Ridha mkono, kwa upole, na wakati wanapita mlangoni Bi Mwanamize aliwazuia.

"Dua yangu siirudishi," alimwambia Ridha. "Karafuu umeanua. Lakini kwa huyu kijana, kaombe radhi mwenyewe."

Bi Zalihata aligonga meza. "Kanuni inasema mchezaji. Aliyefanya si mchezaji. Zanzibar imo! Shimo la tisa litahamishiwa kwenye majani mazima yaliyo mbele yake, na kila timu italicheza hivyo hivyo." Adhana ya adhuhuri ikaanza kulia msikitini, naye akanyamaza mpaka ikaisha. "Tukasali," alisema. "Kisha tucheze."

Nahodha wa Bukini ndiye aliyesimama kwanza kumkumbatia Jabir. Akafuata wa Shelisheli, wa Morisi, wa Komoro. Jabir aliivaa jezi juu ya shati lake, kinyumenyume, akaivua, akaivaa tena huku analia na kucheka.

Baada ya sala, Wawi ilihamia uwanjani. Habari ilikwisha kufika Chake Chake na ikarudi imekua, na waliokuwa hawajui gofu ni mnyama gani walikuja kumwona mtoto wao. Jina la Jabir lilipotajwa kwenye kipaza sauti, vigelegele vilipasuka. Aliweka mpira, akainua fimbo, na kina mama wakapiga tena, maana waliona ameinua. Bi Zalihata aliinua kibao cha kuomba kimya. Wakakipigia kibao nacho vigelegele.

"Enyi akina mama wa Wawi!" alinguruma Mwatum kwa sauti ya gwaride. "Atakayelia kabla mpira haujaruka, nnamlaza ndani!"

Kukawa kimya. Jabir alipiga. Mpira uliondoka na sauti kavu, ukapanda, ukapita mikarafuu ya pembeni, ukashuka katikati ya njia, mbali kuliko mpira wowote uliowahi kupigwa kutoka pale. Mama yake ndiye aliyeanza, na baada yake hakuna aliyengoja ruhusa.

Simu ya Bi Nahla ililia. Mwatum, aliyesimama karibu, alisikia sauti ya mwanamume kutoka Uarabuni ikiuliza kama ni kweli kwamba Kombe la Visiwa limekufa.

"Sikiliza mwenyewe," alisema Bi Nahla, akainua simu juu ya kichwa chake, kuelekea watu.